Rule of Rose: gemu ya kutisha kuhusu vyeo vya watoto

Watu wengi wakitajiwa Rule of Rose wanajua mambo mawili tu, kwamba ni gemu ya PlayStation 2 ambayo Uingereza haikuingia madukani kwa sababu ya kelele za wanasiasa, na kwamba diski yake orijino saivi inauzwa bei ya kukufuru. Wanaenda YouTube, wanaangalia robo saa, wanaona binti anazunguka kwenye korido za ajabu, mara yuko kituo cha watoto yatima, mara vinatokea viumbe vidogo vyenye sura za wanyama vimeshika mafagio, hawaelewi chochote, wanaachana nayo. Siwalaumu. Hadithi imekatwa vipande makusudi na kupangwa upya, na vipande vingine vimefichwa kwenye barua na makaratasi ambayo usipoyasoma umepotea. Ila ukishaielewa, hasa kama umesoma bweni huku kwetu Mwanza na Kanda ya Ziwa nzima, unagundua inaongelea kitu unachokijua vizuri mno, so ngoja niifumue taratibu. Nitasema mpaka mwisho wake, anayetaka kuicheza bila kujua kitu aishie hapa.

Asili yake kwanza, haraka haraka. Imetengenezwa Japani na studio ndogo iliyoitwa Punchline, muongozaji ni Shuji Ishikawa, Sony wakaitoa kulekule Japani Januari 2006. Sony wa Marekani wakaikwepa, ikabidi kampuni ya Atlus ndo waitoe huko mwezi wa 9 mwaka huohuo, Ulaya ikachukuliwa na 505 Games. Muziki ni wa Yutaka Minobe, vinanda na fidla za huzuni mwanzo mwisho, kuna watu wanausikiliza mpaka leo na gemu yenyewe hawajawahi kuigusa.

Sasa hadithi jinsi inavyokuja machoni. Ni Uingereza mwaka 1930. Jennifer, binti wa miaka 19, yuko kwenye basi usiku, mtoto wa kiume anamsogelea na kitabu cha hadithi anamwomba amsomee, kitabu chenyewe hakijaisha. Mtoto anashuka, Jennifer anamfuata gizani, anatokea kwenye jengo la Rose Garden Orphanage, anakuta watoto wamejifunika mifuko vichwani wanapiga gunia kwa fimbo. Wanamkamata, wanamtia kwenye jeneza. Akizinduka yuko ndani ya ndege kubwa ya gesi, zile zenye umbo la sigara ambazo kweli zilikuwepo miaka hiyo (ile R101 ya Waingereza ilianguka Ufaransa Oktoba 1930 ikaua watu 48). Humo ndani wanaotawala ni watoto. Wana kundi lao linaitwa Red Crayon Aristocrats, yaani mabwanyenye wa krayoni nyekundu, na kila mwezi wanataka zawadi. Inaandikwa ni kitu gani kinatakiwa, Jennifer anazunguka kukitafuta, asipoleta ataadhibiwa. Njiani anamkuta mbwa, Brown, amefungwa, anamfungua, na kuanzia hapo Brown ndo kila kitu: unamnusisha kitu anakupeleka kilipo chenzake. Bila yeye gemu haiendi.

Ukiishia hapo utasema ni ndoto tu za Wajapani. Lakini ipange hivi, kwa mpangilio ambao mambo yalitokea kweli.

Jennifer akiwa mdogo alisafiri na wazazi wake kwenye hiyo ndege ya gesi, ikaanguka, wazazi wakafa. Mkulima mmoja, Gregory, mzee aliyefiwa na mtoto wake Joshua na akili ikawa imeyumba, akamwokota akamfungia nyumbani kwake na kumlea kama vile ndo Joshua mwenyewe amerudi. Akaonwa na msichana wa kile kituo cha yatima, jina lake Wendy, mgonjwa mgonjwa, mpole, mpweke. Wakaanza kuandikiana barua, Wendy akamsaidia kutoroka, wakaapizana kupendana milele, Jennifer akahamia kituoni. Halafu akaokota kambwa kadogo, akakapenda, akawa anashinda nako. Wendy akaumia. Na kituoni kulikuwa tayari na ule mchezo wa mabwanyenye wenye vyeo na zawadi za kila mwezi. Basi mwezi mmoja zawadi iliyodaiwa ikawa huyo mbwa. Wakamuua.

Kwa hiyo ile ndege unayotembea ndani yake haipo, ni kumbukumbu ya ajali na kumbukumbu ya kituo zimeshonwa pamoja kichwani mwa binti wa miaka 19 aliyesahau utoto wake wote, na Brown mkubwa anayekusaidia kunusa tangu mwanzo ni mbwa ambaye hakufikia kuwa mkubwa. Nilipoling'amua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Umecheza masaa yote hayo unamtegemea mbwa aliyekufa.

Baada ya Brown kuuawa Jennifer kwa mara ya kwanza akafungua mdomo. Akamkabili Wendy mbele ya wote, maana imejulikana sasa kwamba yule mpole, mgonjwa, rafiki, ndo Binti Mfalme aliyekuwa juu ya kundi muda wote. Wenzake wakamgeuka Wendy. Wendy akaenda kwa Gregory, akavaa nguo za kiume akajifanya Joshua, akamfundisha yule mzee kuwa mbwa wake, akamleta kituoni. Wakafa wote, na Wendy naye, akabaki Jennifer peke yake. Ndo sababu alisahau.

Kinachonifanya niandike ni hivyo vyeo, na naona wachambuzi wengi wanavipita juu juu wakikimbilia damu. Angalia walivyopangana. Juu kabisa Wendy, Binti Mfalme. Chini yake Diana, Dachesi, mrembo, katili, mwenye kicheko. Halafu Eleanor, Kauntesi, haongei, anatembea na tundu lake la ndege na hagusi kitu. Halafu Meg, Baronesi, mwenye miwani na akili nyingi, anayempenda Diana mpaka anafanya lolote, na Diana anamchezea anavyotaka. Chini yao Amanda, huyo cheo chake ni Maskini. Jennifer alipoingia hakuwa na cheo kabisa, akawekwa chini ya Amanda, ombaomba.

Hebu mfikirie Amanda. Miaka yote yeye ndo aliyekuwa anachekwa, mnene, mchafu, hana mtu. Siku Jennifer anaingia, kwa Amanda ni sikukuu, amepata mtu wa kumkanyaga. Na huyuhuyu Amanda ambaye ungetegemea amhurumie ndo mmojawapo wa wanaomchukia Jennifer kupita wote, kwa sababu Jennifer akipanda hata hatua moja yeye anarudi shimoni. Diana anaonea kwa kujifurahisha. Amanda anaonea kwa woga. Gemu chache sana zimewahi kulionyesha hilo bila kutoa hotuba.

Aliyesoma bweni ameshamjua Amanda ni nani. Ni fom tuu. Njuka, yaani mgeni wa fom wani, anafika na tranka lake, godoro, ndoo mbili, miche ya sabuni, sukari, karanga za mama zimefungwa vizuri kwenye mfuko, na usiku wa kwanza tu kaka zake wa bwenini wanataka kuona amekuja na nini. Fom foo hana haja ya kupiga kelele, anaagiza. Fom thrii anapitisha agizo. Anayekuja kukufungulisha tranka, kukubebesha ndoo ya maji kupandisha mlima wa mawe, kukuimbisha juu ya kitanda saa sita usiku, mara nyingi ni huyu wa fom tuu ambaye mwaka jana alikuwa analia mahali hapohapo ulipo wewe. Na kila kitu kinapanda juu, sabuni inapanda, sukari inapanda, kama ushuru wa mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, kila mkono unaopitia unachukua chake na wa chini ndo anabaki na magamba. Mwezi ukiisha unatafuta tena cha kupeleka. Ndo hizo zawadi za mwezi za Jennifer, hazina tofauti.

Sisemi shule zote za Mwanza ziko hivyo, na kuna walimu waliopambana na hili kwa nguvu zao zote. Nasema utaratibu wenyewe unatambulika popote watoto wanapoachwa wengi pamoja usiku na mkubwa mmoja aliyelala mbali. Na wa chini anachaguliwa kwa chochote kitakachopatikana. Huyu katoka visiwani, Ukerewe au Kome, lafudhi yake inaigizwa mpaka anaacha kunyoosha mkono darasani. Huyu anakojoa kitandani. Huyu hana baba. Na huku kwetu wapo watoto wenye ualbino, ambao nje ya geti wameishi miaka wakiogopa kuuawa, halafu ndani ya geti wanaitwa majina na wenzao wanaolala nao chumba kimoja. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Wataalamu wameyasoma haya kwa muda mrefu. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi Norway, alianza kuutafiti uonevu wa shuleni tangu miaka ya 1970, wakati watu wengi walikuwa wanasema ni utoto tu. Mwaka 1982 Norway wavulana watatu walijiua na ikaonekana uonevu wa wenzao ulichangia, mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya nchi nzima shuleni na Olweus akawa ndani yake. Alivyouelezea uonevu yeye ni vitu vitatu vikikutana: mtu anatendewa kwa makusudi, inajirudia, na mtendaji ana nguvu ambayo mtendewa hana. Watoto wawili wa nguvu sawa wakitwangana ngumi mara moja uwanjani huo ni ugomvi, hauingii hapo. Ndo maana swali la mwalimu "nani alianza?" huwa halisaidii, kwa sababu linauliza kuhusu ugomvi.

Halafu mwaka 1996 huko Finland, Christina Salmivalli na wenzake wakaja na jambo ambalo ukilijua Rule of Rose yote inafunguka. Wakasema usiangalie mwonevu na mwonewa tu, angalia darasa zima, kila mtoto ana sehemu yake. Kuna anayeongoza, kuna wanaomsaidia, kuna wanaochekelea na kushangilia pembeni, kuna wanaojitenga wakijifanya hawaoni, na kuna wachache wanaomtetea anayeonewa. Sasa rudi kwenye ile ndege ya gesi. Wendy anaongoza bila kuonekana. Meg anamsaidia Diana, akili yake yote kaikodisha. Wadogo wanashangilia na fimbo zao. Eleanor na tundu lake ndo wale wasiogusa kitu, na cheo chake kikubwa kinakuambia jambo, kwamba kukaa kimya kwenye mfumo huo nako kuna malipo yake. Mtetezi? Hayupo hata mmoja. Yupo mbwa.

Na Jennifer mwenyewe yuko wapi? Hapa ndo wengi wanakosea wanaposema ni hadithi ya mtoto mwema alionewa basi. Jennifer alikuwa anapeleka zawadi. Alikubali mchezo, aliogopa, alinyamaza akiamini akitii vya kutosha watamwacha, na alinyamaza mpaka mchezo ukafika kwa Brown. Gemu haimtukani kwa hilo, ni mtoto, angefanya nini, lakini haimfichi pia. Kuna kitu kimoja kimewekwa kijanja: wewe mchezaji nawe unatii. Hakuna kitufe cha kukataa. Unaambiwa leta, unazunguka nusu saa unatafuta, ukipata unafurahi kwamba umepata, na hiyo furaha ndogo ndo inayokuja kukuuma baadaye.

Wakubwa wapo pia. Kuna Hoffman, mkuu wa kituo, kuna Martha, mama wa usafi. Hawaoni, au wanaona yao, na kwa upande wa Hoffman gemu inadokeza mambo mabaya zaidi kuhusu msichana mkubwa Clara ambayo haiyasemi wazi na mimi sitayaongezea. Kinachonigusa ni kwamba watoto wa pale wamejitungia sheria na vyeo kwa sababu sheria ya wakubwa imekufa. Walichofanya ni kuiga. Vyeo vya dachesi na baronesi hawakuviota, ndo Uingereza waliyokuwa wanaiona nje ya dirisha. Na huku kwetu mtoto anayempiga njuka na mkanda bwenini hakuusomea kitabuni, viboko bado vinaruhusiwa shuleni Tanzania, ameona jinsi mkubwa anavyomnyoosha mdogo. Tena ubaya ni huu: mtoto akienda kuripoti, mwalimu wa zamu akiamua kuchapa bweni zima ili aliyehusika ajitokeze, yule aliyeripoti anarudi bwenini akiwa ni mtu aliyewachoma wenzake, na usiku huo Mungu ndo anajua. UNESCO walitoa ripoti mwaka 2019 ikionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani, asilimia 32, alionewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja. Ukifikiria hiyo hesabu ya bweni zima unaelewa kwanini mtoto anaweza kunyamaza asimwambie mwalimu.

Ile vurugu ya Ulaya sasa. Novemba 2006 jarida moja la Italia, Panorama, liliiweka gemu hii kwenye jalada likidai mshindi ni anayemzika msichana akiwa hai. Hilo halipo. Kuna tukio la mwanzo la Jennifer kutiwa kwenye jeneza, na anayetiwa ni wewe mchezaji. Ila habari ikashika moto, Franco Frattini, aliyekuwa kamishna wa sheria wa Umoja wa Ulaya, akaikemea hadharani, wabunge wakafuata, ingawa bodi husika zilishaipa daraja la miaka 16 kwenda juu na Waingereza wa upande wa ukaguzi wakasema waziwazi mambo yanayodaiwa hawajayaona ndani ya gemu. Haikusaidia, 505 Games wakafuta kuitoa Uingereza. Naweza kumwelewa mzazi aliyeogopa, picha za watoto wakitesana zinaogopesha kweli na kuna sehemu chache wasichana wadogo wamechorwa kwa namna ambayo hata mimi nisingeitetea. Lakini waliokemea wengi walikuwa wanakemea kitu ambacho hawajakiona, na kwa kufanya hivyo gemu iliyokuwa inasema "angalieni watoto wanafanyiana nini" ikajibiwa kwa watu wazima kufumba macho. Kina Hoffman watupu.

Kwenye uchezaji wenyewe niwe mkweli, kupigana kwake kunachosha. Jennifer anashika uma, kisu, bomba, anarusha mkono kama hajawahi kugusa kitu maishani, anakosa, vile viumbe vyenye mafagio vinamzonga kwenye korido nyembamba. Kuna wanaosema imefanywa makusudi kwa sababu ni mtoto mwoga, na nakubali nusu, mwoga asingepigana kama komando. Nusu nyingine ni kwamba imetengenezwa vibaya tu. Ushauri wangu ni kukimbia kila inapowezekana, viumbe vingi havilazimishi kuuawa. Sura ya mwisho haina maadui kabisa, unatembea tu kituoni ukiwa Jennifer mdogo unakusanya vilivyobaki, na hapo ndo utajua kama ulisoma barua zake au ulikuwa unaruka.

Anayetaka kuiona akiwa Mwanza, ukweli ni kwamba vile vibanda vya gemu vya mtaani, Mabatini, Igoma, Buhongwa, hutaikuta, kule ni mpira tu toka enzi za PS2, na kununua diski ya nje kwa hela hiyo sikushauri. Njia ya wengi ni kuangalia mtu akiicheza mwanzo mwisho kwenye YouTube. Tafuta video ambayo mchezaji haongei, maana wanaoongea wanaruka makaratasi na wanacheka sehemu ambazo hazichekeshi. Weka ubora wa picha wa kutosha kusoma maandishi, simamisha kila barua inapotokea, Kiingereza chake ni chepesi, cha hadithi za watoto. Kila sura inaanza na kitabu kidogo kilichochorwa kwa krayoni, usikiruke hata kimoja. Chini ya miaka 16 usimwonyeshe. Na kama una mdogo wako anaenda fom wani Januari, mweleze kabla hajaondoka kwamba akiambiwa na mtu yeyote alete kitu kila wiki la sivyo, hiyo ni kesi ya kukupigia simu wewe siku hiyohiyo, na kwamba kuna namba 116 ya kusaidia watoto, haina malipo, aikariri kichwani maana simu yenyewe bwenini hatakuwa nayo, ataomba ya matroni au ya muuza duka wa nje ya geti.